Jicho la Fundi wa Rejeta

Mpunga ukishavunwa na kukauka, Majimoto hailali. Mashine za kukoboa zinanguruma tangu alfajiri, Fuso zinapanga foleni kusubiri magunia, na bodaboda zinapenya katikati yake na viroba vya mchele nyuma. Hapa ni bonde la Mpimbwe, mkoani Katavi, na gari lililofika kutoka Mpanda limekwisha kula vumbi la kutosha: limepita Sitalike, likakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, likafika Kibaoni na Usevya ndipo likaingia huku. Likitoka na mzigo kuelekea Sumbawanga au Tunduma, mbele yake kuna milima ya Lyamba lya Mfipa, maana bonde liko chini na Ufipa iko juu. Injini imebeba tani za mchele, jua la Agosti liko utosini, gia ni ya pili na mlima haujaisha. Hapo ndipo rejeta inapopimwa, na nyingi zinarudi zikivuja.

Zikivuja zinakuja kwenye banda moja la mabati lililo wazi upande wa barabara. Mwenye banda ni mtu mzima, ana ovaroli iliyopauka magotini na miwani ya kusomea aliyoifunga kwa kamba shingoni. Injini hafungui, breki hagusi. Kazi yake ni rejeta tu, za magari, za matrekta na za injini za mashine za kukoboa. Vifaa vyake vinaenea kwenye benchi moja la mbao lililoungua ungua: brashi za waya za ukubwa tofauti, tupa, plaizi, pampu ya mguu yenye geji, vipande vya mpira wa tairi vilivyokatwa duara, jiko la mkaa lenye kipulizo cha kuzungusha kwa mkono, na pasi mbili za kulehemu zenye vichwa vizito vya shaba nyekundu. Nje kuna pipa lililopasuliwa kwa urefu na kujazwa maji.

Watu wanamjua kwa kuchomelea. Kuchomelea anakuweza kweli, na nitafika huko. Mimi lakini kilichoniweka kwenye kigoda chake ni kazi inayotangulia moto, ile ya kuangalia rejeta mpaka ajue kama itengenezwe au inunuliwe nyingine. Hapo sijamwona akiharakishwa na mtu yeyote, hata mwenye mzigo unaosubiriwa Tunduma.

Siku hiyo Fuso iliingia ikitoa mvuke pembeni mwa boneti. Dereva, kijana wa miaka thelathini hivi, aliruka chini na dumu la maji mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inakunywa kiasi gani?"

"Dumu moja kutoka Usevya mpaka hapa."

"Ukiizima, inadondosha chini au haidondoshi?"

Kijana alifikiri, akasema hakuangalia. Fundi alitikisa kichwa taratibu, akavuta kigoda kingine kwenye kivuli, akamwambia akae. Swali lake lilikuwa na uzito. Gari linalopoteza maji na kuacha tone chini lina tundu mahali fulani nje. Linalopoteza maji na ardhi ikabaki kavu huenda linayanywa kwa ndani, kupitia gasketi ya silinda hedi, na hapo hata rejeta mpya kabisa haitasaidia kitu.

Tulikaa. Mfuniko hakuugusa. Juu ya mifuniko mingi ya rejeta za Kijapani pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, na hicho ndicho kipimo cha mgandamizo ambao springi yake inauzuia kabla ya kuruhusu mvuke utoke. Maji yaliyofungiwa kwa mgandamizo wa 0.9 hayachemki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Pwani yangefika karibu 118 kwanza. Ukilegeza mfuniko yakiwa na joto hilo, mgandamizo unaondoka mara moja na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke na kuruka usoni. Fundi anao ukanda wa ngozi iliyoungua kwenye mkono wa kushoto, wa tangu alipokuwa anajifunza kazi. Sasa anasubiri mpaka aweze kuweka kiganja juu ya tangi na kukiacha hapo bila kukiondoa.

Alipofungua, cha kwanza kuchunguzwa kilikuwa mfuniko wenyewe. Aliibonyeza springi yake kwa kidole gumba, akaugeuza kwenye mwanga kuangalia mpira wa chini. Ulikuwa umekakamaa na una ufa upande mmoja. Aliuweka pembeni bila neno. Mfuniko uliochoka unaweza kulifanya gari zima lionekane bovu, na huku kwetu unaumiza zaidi mlimani: Sumbawanga ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi yanachemka huko kwenye nyuzi 94 hivi. Dereva anasema rejeta imekufa, kumbe uliokufa ni mfuniko wa bei ndogo kuliko mafuta aliyochoma kwa kusimama njiani.

Kisha alianza kuitafuta njia ya maji. Maji yanayovuja kidogo kidogo juu ya chuma cha moto huwezi kuyaona, yanakauka kabla hayajadondoka. Yanachobakisha ni alama. Kuna mstari mweupe wa chumvi, kuna ukijani pale shaba ilipoliwa, kuna kahawia ya kutu iliyotoka ndani ya injini. Fundi alizifuata alama hizo kwa kidole kutoka chini kwenda juu, kwa sababu maji yanashuka na feni inayarusha nyuma, kwa hiyo palipolowa mara nyingi si palipotoboka. Aliukamua mpira wa juu na wa chini kuona kama umelainika au una nyufa. Alizungusha bisibisi kwenye klipu moja moja. Aliinama kuangalia wota pampu, ambayo ina kitundu kidogo kwa chini, kimetobolewa kiwandani makusudi. Kikiwa na unyevu, sili ya ndani imekwisha. Kilikuwa kikavu. Akaongeza maji, akamwambia kijana awashe injini mfuniko ukiwa wazi, akatazama shingo ya rejeta kwa muda mrefu. Viputo vikipanda mfululizo, moto wa silinda unapenya kwenye maji. Havikupanda.

"Gasketi nzima," alisema. "Tuishushe."

Mafundi wengi wangeanzia hapo, kwenye kushusha. Rejeta inatolewa, inachomelewa, inarudishwa, na tatizo likabaki kwenye klipu. Hatua hizi za mwanzo hazina moto wala kelele, na mteja anaziona kama kupoteza muda. Mimi naziona ndiyo nusu ya kazi.

Rejeta ya Fuso hiyo ya zamani ni nzito, inataka watu wawili. Waliichomoa, wakailaza kwenye benchi. Upande wa mbele mapezi yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu, pumba za mpunga, mabua na mabawa ya wadudu. Gari linaloegeshwa siku nzima karibu na mashine ya kukoboa, injini ikinguruma, linavuta pumba kwa feni yake mwenyewe. Dereva haoni chochote kwa sababu uso wa rejeta umejificha. Fundi aliiosha kwa maji yasiyo na nguvu, akiyapitisha kutoka nyuma kuja mbele ili uchafu utoke ulikoingilia. Mapezi ni karatasi nyembamba ya shaba. Maji ya kasi yanayalaza, na yakilala upepo haupiti. Yaliyolala tangu zamani aliyainua moja moja kwa ncha ya kisu butu.

Rejeta ni kifaa rahisi kukielewa. Kuna tangi la juu na tangi la chini, na katikati imesimama mirija bapa. Kati ya mrija na mrija yamekunjwa mapezi. Maji ya moto yanaingia juu, yanashuka ndani ya mirija, yanayaachia mapezi joto, upepo unalichukua, na maji yanarudi kwenye injini yakiwa yamepoa. Ugumu uko kwenye maungio, maana kila mrija umeunganishwa kwenye matangi yote mawili. Mhandisi Mjerumani Wilhelm Maybach alipounda rejeta ya Mercedes ya mwaka 1901, alikusanya vibomba vidogo 8,070 ndani ya fremu moja. Tangu hapo gari na fundi wa lehemu wametembea pamoja, kwa sababu kila muungano ni mahali maji yanapoweza kutokea.

Sasa lilikuja pipa. Fundi aliziba shingo na midomo ya mipira kwa yale maduara ya tairi, akayabana kwa klipu, akaunganisha pampu ya mguu kwenye kibomba kidogo kinachopeleka maji kwenye tangi la akiba. Akapandisha upepo polepole huku jicho lake liko kwenye geji, akaishia kwenye 0.9. Ukizidisha sana ili uone haraka, unaweza kupasua mahali palipokuwa pazima. Akaizamisha rejeta ndani ya maji na kungoja mpaka uso wa maji utulie. Viputo vya kwanza huwa ni hewa iliyonaswa kwenye mapezi, vinadanganya. Aliisukuma rejeta huku na huku kuvitoa, kisha akangoja tena. Vilivyobaki vilitoka mahali palepale, kimoja baada ya kingine, na kila vilipotoka alichomeka njiti ya kiberiti katikati ya mapezi. Njiti tatu zilisimama kwenye mshono wa tangi la juu. Moja ilisimama katikati, kwenye mrija.

Kujua inapovuja bado hakutoshi kuamua. Aliitoa, akaisimamisha, akamimina ndoo ya maji ya moto kwa mkupuo na kutazama yanavyotoka chini. Kisha akapitisha kiganja usoni mwa rejeta, kulia kwenda kushoto, kwa utulivu. Pale mirija ilipo wazi mkono unapata joto, palipoziba panabaki baridi. Upande wa kushoto alipata ukanda baridi wa upana wa vidole vitatu. Aliuliza maji yanatoka wapi. Kijana akasema popote, mtoni, kisimani, kwenye madimbwi ya mashamba. Maji ya namna hiyo yanakuja na tope na chumvi zake. Yakichemka na kupungua mwaka mzima, yanaacha ukoko mgumu ndani ya mirija.

"Uliwahi kuitia kitu kuzuia kuvuja?"

Kijana alicheka kidogo kwa aibu. "Manjano, mzee. Na ute wa yai, siku moja."

Fundi hakumgombeza. Alisema tu kwamba vitu hivyo vinaziba tundu la nje kwa safari moja, na vinaziba mrija wa ndani kwa maisha yote.

Mwisho wa uchunguzi ulikuwa kidole gumba. Alikipitisha juu ya mapezi sehemu mbalimbali, akibonyeza kidogo na kusikiliza, kama mkulima anavyong'ata punje kujua mpunga umekauka kiasi gani. Shaba iliyo hai inapinda na kurudi. Iliyokufa inamegeka na kubaki unga wa kijani kwenye ngozi, na hapo lehemu haina pa kushika: ukipeleka moto kuziba tundu moja, unafungua mengine mawili jirani. Hii ilipinda, ikarudi.

"Bado ina nyama," alisema. "Mshono tunautengeneza. Mrija mmoja tunauziba kabisa. Ile iliyoziba tunafungua tangi tuipitishe chuma. Ingekuwa inavuja mitano, sita, katikati, ningekwambia usinipe hela yako."

Ndiyo hesabu yake, na inaeleweka. Tundu lililo kwenye mshono wa nje ni la kutengeneza karibu siku zote. Mrija mmoja ukizibwa juu na chini, rejeta ya lori inapoteza sehemu ndogo tu ya nguvu yake ya kupoza. Ukiziba wa pili na wa tatu bado inavumilika kwenye tambarare. Ukizidi hapo, gari litapoa vizuri Majimoto na kuchemka kwenye mlima wa kwanza likiwa na mzigo, na atakayeteseka ni dereva aliyeko porini usiku.

Kazi ya moto ilianza baada ya chakula. Aliwasha mkaa, akaziingiza pasi zote mbili, moja ikifanya kazi nyingine ipate joto. Kufungua tangi alitumia moto wa gesi, akiupitisha juu ya mshono bila kuusimamisha mahali pamoja, huku msaidizi wake akilivuta tangi kwa plaizi pole pole kadiri lehemu inavyolegea. Lilipoachia, midomo ya mirija ilionekana imepangwa safu, baadhi ikiwa imejaa ukoko wa rangi ya udongo. Alichukua utepe mwembamba wa chuma, ule unaofungia makasha ya mizigo, ambao yeye ameunoa pembeni ukalingana na mrija, akauingiza. Haulazimishwi. Unaingia kidogo, unatolewa, unamwagiwa maji, unaingia tena. Kwa mrija mmoja uliokuwa mgumu alirudia hivyo mpaka jua likahama kutoka kwenye benchi, na uso wake haukubadilika. Ukilazimisha, chuma kinatoboa ukuta wa mrija, ambao ni mwembamba kuliko kucha.

Chuma kinacholehemiwa lazima kiwe safi. Aliupiga mshono brashi ya waya, kisha msasa, mpaka shaba ya njano ya tangi ikang'aa, kisha akaupaka dawa. Dawa hiyo anaitengeneza mwenyewe: tindikali ya chumvi ndani ya chupa, na ndani yake vipande vya zinki kutoka kwenye mikebe ya betri za tochi zilizokwisha. Inachemka na kutoa hewa inayochoma pua, kwa hiyo anaifanya nje, upande upepo unakokwenda, na anaiacha mpaka itulie. Ikishatulia inaondoa uchafu wa mwisho juu ya shaba, na lehemu inashika.

Lehemu ni risasi na bati. Risasi peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 327, bati peke yake 232. Yakichanganywa yanaanza kulegea kwenye 183. Maji ya rejeta hayafiki huko, ndiyo maana mshono unadumu, na pasi ya mkaa inafika bila taabu, ndiyo maana kijiji kinaweza kuutengeneza. Risasi si mgeni Katavi. Miaka ya 1950 Mpanda ilikuwa na mgodi wa risasi wa Mukwamba, na reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa hasa kwa ajili ya mgodi huo. Fundi anaiheshimu risasi kwa namna nyingine pia: hali chakula kwenye benchi, ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha mdomoni, na watoto wanaokuja kutazama anawasimamisha mbali. Anajua inaingia mwilini kimya kimya na inaumiza watoto kuliko wakubwa. Natamani kila banda la namna hii lingekuwa na desturi hiyo.

Alirudisha tangi, akagusisha pasi kwenye mshono na mche wa lehemu kwenye pasi. Kinachotazamwa hapa ni rangi. Lehemu iliyoshika inatandaa yenyewe, inaingia kwenye mwanya na kung'aa. Isiyoshika inabaki donge linaloteleza juu ya shaba. Palipofanya donge hakuongeza lehemu. Alirudi nyuma, akasugua, akapaka dawa, akaanza upya. Mkono ulikwenda kwa mwendo mmoja, kona kwa kona, na pasi ilipopoa msaidizi alikuwa tayari na nyingine. Alipomaliza aliamuru rejeta isiguswe. Lehemu ikitikiswa wakati inaganda inabaki na chembechembe ndani, inaonekana nzima na kupasuka kwenye barabara mbovu ya kwanza.

Ni wakati huo wa kungoja ndipo mwalimu wa shule ya msingi alipofika, akiwa amebebewa rejeta ya Noah yake kwenye bodaboda.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwalimu. Karibu. Tuione."

Hii ilikuwa ya namna nyingine: mirija na mapezi ya aluminiamu, matangi ya plastiki nyeusi yaliyobanwa kwa meno ya bati juu ya mpira. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vingi vya magari madogo vimehamia huko, kwa sababu aluminiamu ni nyepesi na rahisi, ingawa shaba inapitisha joto vizuri zaidi. Fundi aliipa muda uleule aliompa mwenye Fuso. Alipitisha kidole kwenye meno yote, maana mara nyingine maji yanatokea pale tu, na meno yanaweza kubanwa tena au mpira ukabadilishwa. Kisha akaisimamisha dhidi ya jua na kulibonyeza tangi karibu na shingo. Ufa ulifunguka, mwembamba, ukitokea chini ya tabaka la gundi ya chuma ambayo mtu alikwisha kuipaka.

Alieleza bila kupandisha sauti. Plastiki ile ni nailoni iliyochanganywa nyuzi za kioo. Imepashwa na kupozwa kila siku kwa miaka, imekuwa kavu. Gundi imekaa juu yake tu, na mgandamizo unasukuma kutoka ndani. Ukiziba hapa itapasuka kando yake. Lehemu yake nayo haishiki aluminiamu, ambayo ikikutana na hewa hujifunika ngozi nyembamba papo hapo. Kuichomelea kunataka mashine ya gesi ya argoni, na hata hiyo isingeokoa tangi la plastiki.

"Mwalimu, hii siishiki. Nunua nyingine."

"Hata ya kunifikisha Mpanda mara moja?"

"Hata hiyo. Gari lako ni otomatiki. Mafuta ya giaboksi yanapita humu kwa chini kupozwa." Alimwonyesha vibomba viwili kwenye tangi. "Likikuchemkia njiani unaua hedi. Na ukinunua ya mtumba, waambie wapime na hapa pia. Hapa pakipasuka kwa ndani, maji yanaingia kwenye giaboksi. Giaboksi ni mara ngapi ya rejeta?"

Alimwandikia kwenye karatasi vipimo vya urefu, upana na unene, mahali pa masikio ya kufungia, upande wa midomo ya mipira, na mfuniko wa namba gani. Akamwambia asikubali ya gari lisilo otomatiki hata ikiingia vizuri. Mwalimu aliikunja ile karatasi, akauliza anadaiwa kiasi gani.

"Cha nini, mwalimu? Sijafanya kitu."

Rejeta ya Fuso ilipopoa, ilioshwa kwa maji ya magadi kuondoa dawa, kwani tindikali iliyobaki inaendelea kula shaba kimya kimya. Ikarudi kwenye pipa, upepo ukapandishwa hadi 0.9, na maji yakakaa bila kiputo. Hakuitoa mara moja. Aliiacha ndani huku akisafisha pasi zake, na geji haikushuka. Alipuliza rangi nyeusi tabaka moja jembamba, kwa sababu rangi nene inalizuia joto lisitoke. Gari lilifungwa, likajazwa maji safi yaliyochujwa kwa kitambaa, injini ikawashwa mfuniko ukiwa wazi mpaka hewa yote ikatoka, mipira yote miwili ikapata joto, na mfuniko mpya ukakaa mahali pake. Kijana alilipa na kushukuru. Aliambiwa apitie tena akirudi kutoka Tunduma, hata kama haivuji.

Kwa hiyo nina ombi kwenu wenye magari, wa bonde hili na wa kwingineko. Mwalimu aliondoka bila kulipa kwa sababu fundi alikataa, na fundi alikataa kwa sababu hakuna anayemlipa fundi kwa kusema "nunua nyingine". Fundi mwingine angepaka gundi juu ya gundi, akapokea hela, na Noah ingekwama porini kabla ya Sitalike. Mkimpelekea fundi rejeta, pelekeni na mfuniko wake. Akitumia saa nzima kuiangalia na kuwaambia haifai, mlipeni saa hiyo, hata akisema hadai.